Poti za Seva ya Nakala Rudufu na Upande Unaoanza Kuita

Ngome ya mtandao, yaani programu au mtambo unaokagua data kabla ya kuiruhusu kupita, hutazama anwani data inakotoka, anwani inakokwenda, na poti, ambayo ni namba kati ya 0 na 65535 inayotambulisha programu inayolengwa ndani ya kompyuta husika. Wasimamizi wengi huishia kwenye namba hiyo, ilhali katika programu za kusimamia hifadhi ya data jambo zito zaidi ni kujua upande upi unaoanzisha mawasiliano.

Hilo linaonekana wazi katika Storage Protect ya IBM, iliyojulikana kwa miaka mingi kwa jina la Tivoli Storage Manager. Seva yake, inayopokea nakala rudufu za kompyuta za taasisi na kuzitunza kwenye diski au kanda, husikiliza kwenye poti ya TCP 1500, isipokuwa kama msimamizi ameandika namba nyingine katika faili la dsmserv.opt. Mtumiaji anayehifadhi mafaili yake kwa kutoa amri mwenyewe hahitaji zaidi ya poti hiyo, kwa kuwa kompyuta yake ndiyo inayobisha hodi, na ngome inayokumbuka miunganisho iliyokwisha kuruhusiwa hupitisha majibu bila kanuni ya pili.

Kazi za ratiba ni habari nyingine. Katika utaratibu uitwao polling, kompyuta mteja huiuliza seva, kwa kawaida kila baada ya saa 12, kama kuna kazi iliyopangwa, hivyo mwelekeo haubadiliki. Lakini katika ule uitwao prompted, seva ndiyo inayoiita kompyuta mteja saa ikifika, kwa kawaida kupitia poti 1501, na ngome isiyo na kanuni ya upande huo huizuia. Ndipo hutokea kwamba jaribio la mchana linafaulu huku nakala ya usiku haianzi kabisa, na fundi anapoteza muda akiikagua 1500 isiyo na kasoro yoyote. Penye ngome katikati, polling ndiyo chaguo la busara, isipokuwa pale ambapo mtandao wa ndani haupaswi kupokea wito wowote kutoka nje: hapo kompyuta mteja husajiliwa ili miunganisho yote ianzishwe na seva, ingawa mtumiaji wake hupoteza uwezo wa kuhifadhi nakala kwa amri yake.

Amri za wasimamizi zinaweza kutengwa na data kwa chaguo la TCPADMINPORT, linalozipa poti yake. Wengi hukomea hapo bila kutambua kwamba 1500 bado inazipokea mpaka ADMINONCLIENTPORT iwekwe NO.

Namba na mwelekeo vikiwa sahihi, muda nao unaweza kuleta hitilafu. Wakati faili kubwa linasafirishwa kupitia muunganisho mmoja, muunganisho mwingine unaobeba maelezo ya kazi hukaa kimya kwa muda mrefu, na ngome iliyopangwa kukata miunganisho isiyotumika huukata huo, hata kazi ikaripoti kosa baada ya data karibu yote kufika. Kuongeza poti hakusaidii hapo. Kinachotakiwa ni kurefusha muda wa kusubiri kwenye ngome, au kuwezesha ishara ndogo za TCP zinazotumwa mara kwa mara ili muunganisho usihesabiwe kuwa umeachwa.