Mteremko: Hesabu Ndogo Inayookoa Shamba

Neno "mteremko" tunalitumia kila siku, lakini likitokea kwenye karatasi ya mtihani wa Jiografia wengi wetu hulikimbia kama moto. Katika makala haya ningependa kulieleza kwa lugha nyepesi, kwani ni hesabu ndogo yenye faida kubwa, hasa kwa sisi tutokao sehemu za vilima.

Mteremko ni nini? Ni kiasi ambacho ardhi hupanda au kushuka ukilinganisha na umbali unaokwenda mbele. Chukua tofauti ya kimo baina ya mahali pawili, uigawanye kwa umbali wa mlalo ulio kati yake. Basi! Hebu tutazame ramani ya kipimo cha 1:50,000. Tuseme kilele cha kilima kiko kwenye kontua ya mita 1,800, na mto uko kwenye kontua ya mita 1,600. Kwenye karatasi umbali ni sentimita 4, yaani mita 2,000 ardhini. Tofauti ya kimo ni mita 200. Gawanya 200 kwa 2,000, upate 1/10. Maana yake, kila uendapo mita 10 mbele, unashuka mita 1. Hiyo ni asilimia 10. Kontua zikikaribiana mteremko ni mkali. Zikiachana ni wa polepole.

Tahadhari: asilimia si digrii! Mteremko wa asilimia 100 si ukuta uliosimama wima. Ni digrii 45 tu, kwa sababu unapanda mita 1 kwa kila mita 1.

Sasa utauliza, "Hesabu yote hii ya nini?" Jibu liko kwenye maji ya mvua. Mteremko ukiwa mkali, maji hukimbia badala ya kuzama, na yakikimbia hubeba udongo wa juu wenye rutuba. Udongo huo hutulia pale mteremko unapopungua: bondeni, au bwawani. Bwawa la Masinga kwenye Mto Tana, lililokamilika mwaka wa 1981, hupokea tope kutoka mashamba ya juu, na tope hilo huchukua nafasi ya maji ya umeme. Kuna ubaya hata zaidi. Mnamo Novemba 2019, baada ya mvua kubwa, maporomoko ya ardhi yaliua zaidi ya watu 40 huko Pokot Magharibi.

Ndiyo maana kanuni zilizotungwa chini ya Sheria ya Kilimo ya zamani, Sura ya 318, zilitumia mteremko kama kigezo. Shamba lenye asilimia 12 hadi 35 lilipaswa kukingwa dhidi ya mmomonyoko. Likizidi asilimia 35, lisilimwe. Sheria hubadilishwa bungeni, lakini mvua haisomi sheria.

Kwetu Machakos tunayo dawa ambayo jina lake ni Kiswahili na linasomwa katika vitabu vya kilimo hata ng'ambo: fanya juu. Unachimba mtaro ukifuata kontua, na udongo wake unautupa upande wa juu uwe tuta. Juu ya tuta unapanda nyasi. Mimi mwenyewe huchimba wakati wa likizo, na malengelenge ya mikono si mchezo! Lakini udongo unaoteremka hunaswa na tuta, na mwaka baada ya mwaka shamba hujipanga kama ngazi. Kilima hakijapungua kimo, ila mteremko mmoja mrefu umekatwa vipande vifupi vilivyo karibu tambarare.

Unaweza kupima kwenu. Tafuta uzi wa mita 10 na pimamaji ndogo ya kutundika katikati yake. Shikilia ncha moja ardhini upande wa juu; mwenzako ainue ncha nyingine upande wa chini hadi uzi ulale sawa. Pima kutoka ncha hiyo hadi chini. Ikiwa ni mita 2, mteremko ni asilimia 20, na matuta yanahitajika.

Wahenga walinena, usipoziba ufa utajenga ukuta. Likizo ijayo, lipime shamba lenu kabla mvua haijalipima. Kwaherini.