KNS Jasiri: Meli ya doria iliyosubiriwa kwa miaka saba

Mkazi wa Mombasa anayevuka kwa feri ya Likoni huenda amewahi kusubiri mlango wa bahari upishe meli ya rangi ya kijivu. Meli hizo hutoka kambi ya Jeshi la Wanamaji iliyoko Mtongwe, na hazina njia nyingine ya kufika bahari kuu. Mojawapo ni KNS Jasiri. Wengi wanaitambua kwa macho, ila ni wachache wanaojua ilikotoka na kwa nini ilichelewa kufika.

Kabla ya Jasiri

Jeshi la Wanamaji la Kenya liliundwa mwaka 1964, na katika miaka ya mwanzo lilitegemea mashua ndogo za doria. Mwaka 1974 ilipatikana KNS Mamba, iliyojengwa Uingereza, yenye urefu wa takriban mita 37. Mwishoni mwa miaka ya 1980 zikaja KNS Nyayo na KNS Umoja, pia kutoka Uingereza, zenye urefu wa zaidi ya mita 56. Katika miaka ya 1990 zikaongezwa KNS Shujaa na KNS Shupavu kutoka Uhispania.

Kila hatua ilileta chombo kirefu zaidi, na sababu yake inajulikana kwa yeyote aliyewahi kuvua wakati wa kusi. Chombo kifupi hupanda na kushuka na kila wimbi, mabaharia huchoka, na mafuta na maji ya kunywa huisha mapema. Kenya ina haki ya kusimamia uvuvi na rasilimali hadi maili 200 za baharini kutoka pwani, yaani takriban kilomita 370. Mashua ndogo ikifika huko haiwezi kukaa.

Muundo wake

KNS Jasiri ina urefu wa takriban mita 85 na upana wa mita 13, na uzito wake ni takriban tani 1,400. Kwa kulinganisha, ukiweka KNS Mamba mbili mkia kwa mkia, bado hazifikii urefu wake. Ukubwa huo unaipa nafasi ya matangi ya mafuta, maghala ya chakula, vyumba vya kulala na mitambo ya mawasiliano, ili mabaharia wafanye doria bila kurudi bandarini kila mara.

Meli kubwa haisogei karibu na kila chombo inachotaka kukikagua. Kwa kawaida, meli za aina hii hukitambua chombo kwa rada, hukiita kwa redio, kisha hushusha boti ndogo yenye wanajeshi wa kukipanda na kukagua stakabadhi na shehena.

Miaka ya kusubiri

Mkataba wa ujenzi ulitiwa saini mwaka 2003 kwa bei ya takriban shilingi bilioni 4.1. Kazi ilifanywa katika karakana ya Astilleros Gondán, jimbo la Asturias, kaskazini mwa Uhispania. Meli ilishushwa majini mwaka 2005, lakini malipo yakasimamishwa kutokana na maswali kuhusu jinsi mkataba ulivyotolewa. Meli ikabaki Uhispania.

Kusubiri huko kuliangukia wakati mbaya. Maharamia walikuwa wakiteka meli katika Bahari ya Hindi, na mwaka 2011 watalii walitekwa nyara huko Lamu na kupelekwa Somalia kwa njia ya bahari. Hoteli zilikosa wageni na vijana wakakosa kazi. Mwezi Oktoba mwaka huo wanajeshi wa Kenya waliingia Somalia.

Baada ya mazungumzo, Jasiri iliwasili Mombasa mwezi Agosti 2012. Haikupata muda mrefu wa kupumzika. Mwishoni mwa Septemba ilikuwa miongoni mwa meli za Kenya zilizoshiriki katika operesheni ya kuutwaa mji wa bandari wa Kismayu kutoka kwa al-Shabaab, ambapo wanajeshi walishuka ufuoni usiku.

Inamhusu vipi mkazi?

Ulinzi wa nchi ni jukumu la serikali ya kitaifa, wala kaunti haina mamlaka juu ya meli za kivita. Hata hivyo, uvuvi ni miongoni mwa kazi zilizogatuliwa, na samaki wa bahari kuu wakiibwa na meli za kigeni, anayepata hasara ni mvuvi na mchuuzi wa hapa. Tangu mwaka 2018, Huduma ya Walinzi wa Pwani pia inafanya doria dhidi ya uvuvi haramu na magendo.

Wavuvi wanakumbushwa mambo yafuatayo:

• Kuwa wanachama wa kikundi cha usimamizi wa ufuo (BMU), na kubeba kitambulisho na leseni ya uvuvi.
• Kusimamisha chombo wanapoamriwa na maafisa wa doria, na kutii maagizo.
• Kuvaa jaketi za kuokoa maisha, na kumwambia mtu aliye nchi kavu wanakoenda na saa ya kurudi.
• Wenye redio ya VHF wakipatwa na hatari, waombe msaada kupitia chaneli 16, ambayo husikilizwa na meli zote.