Jina la Babu Halikubadilishwa Ellis Island

Swali limenifikia tena, kwa maneno yaleyale. Mama mmoja aliyeolewa Marekani anataka kuwaandikia wanawe nasaba ya upande wa baba yao. Babu wa babu yao alitoka Ujerumani, akafika Wisconsin mwaka 1854. Ukoo unasema karani wa Ellis Island alimbadilishia jina. Je, daftari lenye jina la asili liko wapi?

Daftari hilo halipo, kwa sababu jambo lenyewe halikutokea. Ellis Island, kituo cha kupokelea wahamiaji huko New York, ilifunguliwa tarehe 1 Januari 1892, huyo babu akiwa ameshatimiza miaka 38 nchini. Hata Castle Garden, kituo kilichoitangulia hapohapo New York, kilianza Agosti 1855. Kabla ya hapo abiria walishuka gatini, nahodha akakabidhi orodha yao kwa afisa wa forodha. Na nani kasema alipitia New York? Wengi waliokwenda majimbo ya kati-magharibi walishukia Baltimore, New Orleans au Quebec.

Haya, tuseme alifika 1895. Bado si kweli. Karani wa Ellis Island hakuwa akiandika majina, alikuwa akiyahakiki. Orodha ilijazwa na kampuni ya meli kwenye bandari ya kuondokea, kama Bremen au Hamburg, na watu waliozoea majina ya Kijerumani. Karani aliiweka mbele yake, mkalimani akiwa karibu, akauliza umri, kazi, unakwenda kwa nani, akatia alama, akaita mwingine. Hakumpa mtu yeyote hati ya jina jipya. Nalirudia hili kila mara kwa sababu hekaya hii inawapotezea watu miaka: wanahangaika na bandari wakati kumbukumbu ziko kwenye kaunti.

Jina lilibadilika dukani, shuleni, mahakamani, na aliyelibadilisha ni mwenyewe. Chukua mfano wa Johann Müller. Kitabu cha ubatizo cha kanisa la Kilutheri, kilichoandikwa kwa Kijerumani, kinamwita hivyo. Karani wa sensa ya 1860 anaandika alichosikia mlangoni: John Miller. Kwenye hati ya uraia anatia sahihi kwa mkono wake: Johann Miller. Sheria ilimruhusu kutumia jina alilotaka, mradi hamdanganyi mtu. Hekaya inamfanya bubu aliyebandikwa jina na serikali. Nyaraka zinaonyesha mtu aliyeamua mwenyewe. Huyo ndiye wajukuu wanayestahili kumjua.

Kwa wahamiaji Wanorwe, mabadiliko ya jina ni rahisi zaidi kwetu kuelewa: mtoto wa kiume wa Ole aliitwa Olsen, kama ambavyo wengi wetu tunabeba jina la baba, kisha wengine wakachukua jina la shamba walikotoka.

Sasa kazi. Anza na waliokufa karibuni, rudi nyuma. Sensa ya 1850 ni ya kwanza kumtaja kila mtu huru kwa jina. Ya 1880 ni ya kwanza kueleza uhusiano wake na mkuu wa kaya. Ya 1900 ina mwezi na mwaka wa kuzaliwa, pamoja na mwaka wa kuingia nchini. Ya 1890 isahau, karibu yote iliharibika baada ya moto wa Washington mwaka 1921. Ziba pengo kwa sensa za majimbo za 1885 na 1895: Iowa, Minnesota, na Wisconsin, ingawa ya Wisconsin hutaja mkuu wa kaya tu. Uraia kabla ya Septemba 1906 ulitolewa na mahakama nyingi, hivyo anza na ya kaunti. Kama alipewa ardhi kwa sheria ya 1862 ya kuwagawia walowezi ardhi ya serikali, omba faili zima kutoka Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka, si cheti pekee. Humo mna ushahidi wa majirani kuhusu nyumba na ekari alizolima. Kama alipigana vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, omba faili la pensheni. Fuatilia pia majirani waliomtolea ushahidi, maana watu wa kijiji kimoja mara nyingi walihama pamoja. Orodha ya meli iwe ya mwisho, ukishajua kijiji cha kwao. Unapomwandikia karani wa kaunti, mtajie jina kwa kila tahajia uliyokutana nayo.