Robin Hood yupi anastahili bando lako?

Hadithi yenyewe unaijua. Mpiga upinde amejificha katika msitu wa Sherwood, anawanyang'anya matajiri na kuwagawia maskini, huku Sherifu wa Nottingham akimsaka usiku na mchana. Mwisho wake pia unaujua, kwa sababu stelingi hafi. Kwa hiyo anayelipia filamu ya Robin Hood halipii kujua kitakachotokea. Analipia jinsi atakavyosimuliwa, na masimulizi ya filamu hizi yamebebwa na panga, farasi na mishale. La kujiuliza kabla ya kutoa pesa ni kama mapigano hayo yanaisogeza hadithi au yanakula muda wako bure.

Nimezilinganisha filamu sita, kuanzia ya mwaka 1922 hadi ya 2018. Zote zimetoka katika hadithi moja, lakini thamani yake kwa mtazamaji imepishana mno.

Gharama kwanza

Filamu hulipiwa mara tatu: kuna haki ya kuitazama, kuna bando, na kuna muda wako. Kuhusu bando, Netflix inakadiria kwamba saa moja ya video ya ubora wa kawaida hula hadi GB 0.7, na ya HD hadi GB 3. Kipimo hicho kinafaa kukadiria matumizi hata kwenye huduma nyingine:

- The Adventures of Robin Hood (1938): dakika 102; GB 1.2 kwa kawaida, GB 5.1 kwa HD
- Robin Hood, katuni ya Disney (1973): dakika 83, GB 1 kwa kawaida, GB 4.2 kwa HD
- Robin Hood: Prince of Thieves (1991): dakika 143, GB 1.7 kwa kawaida, GB 7.2 kwa HD
- Robin Hood ya Ridley Scott (2010): dakika 140, GB 1.6 kwa kawaida, GB 7 kwa HD
- Robin Hood ya Otto Bathurst (2018): dakika 116, GB 1.4 kwa kawaida, GB 5.8 kwa HD

Ile ya 1922 ina nakala za urefu tofauti, nyingi zikizidi saa mbili. Kama unatazama kwenye simu, ubora wa kawaida unatosha. HD weka akiba kwa ajili ya runinga kubwa.

Kuhusu haki ya kutazama, usilipie mwezi mzima wa huduma yoyote kabla hujatafuta jina la filamu na mwaka wake, maana orodha hutofautiana nchi hadi nchi na filamu huweza kuondolewa. Ukikodi filamu moja mtandaoni, huduma nyingi hukupa siku 30 za kuanza kuitazama na saa 48 za kuimaliza ukishaanza. Kodi siku ambayo kweli una nafasi.

Kibanda umiza, ukumbi mdogo wa video wa mtaani, bado kina nguvu yake: kiingilio kidogo, na mara nyingi filamu imeingizwa Kiswahili. Kazi ya kutafsiri waliyoifanya watu kama Lufufu nchini Tanzania na DJ Afro nchini Kenya imewafungulia mlango watazamaji wengi ambao Kiingereza kingewafungia nje. Hasara yake ni kwamba sauti ya mtafsiri hufunika muziki na maneno ya waigizaji. Kwa filamu ya kukimbizana hasara hiyo ni ndogo. Kwa ile ya 1938 ni kubwa, kwa sababu muziki wake ulioandikwa na Erich Wolfgang Korngold ulishinda Oscar.

Ya bure: 1922

Douglas Fairbanks ndiye Robin hapa, na filamu ni bubu. Nchini Marekani muda wa hakimiliki yake umekwisha, ndiyo maana nakala zake hupatikana mtandaoni bila malipo. Utatoa bando tu. Nusu ya kwanza inakwenda polepole, na Robin mwenyewe anachelewa kutokea. Vumilia. Kuna tukio ambapo anazingirwa juu ghorofani katika ngome, anarukia pazia refu kuliko nyumba na kuteleza nalo hadi chini. Nyuma ya pazia palifichwa ubao wa kutelezea, lakini aliyeteleza ni mtu kweli, na jicho linalitambua hilo. Kwa kuwa filamu haina maneno ya kusikiliza, yeyote awezaye kuwasomea wenzake vibao vya maandishi anaweza kuitafsiri sebuleni.

Thamani kubwa kuliko zote: 1938

Hii ndiyo ningemshauri mtu ailipie kabla ya nyingine zote. Errol Flynn anaingia katika karamu ya Mwanamfalme John akiwa amebeba paa mzima mabegani, anambwaga mezani mbele ya wakubwa, kisha anawaambia usoni kwamba wanawaonea raia. Mapigano yanayofuata yamezaliwa na kitendo hicho, kwa hiyo kila mshale una sababu.

Angalia pia jinsi kamera inavyotumika katika pambano la mwisho la panga kati ya Flynn na Basil Rathbone, anayeigiza adui yake. Inakaa mbali kiasi cha kukuonyesha miguu, mikono na ngazi wanazopanda na kushuka. Wakati mmoja wapiganaji wanatoka nje ya picha, ukabaki kuona vivuli vyao vikipigana kwenye nguzo kubwa. Hupotei hata sekunde moja. Unajua nani amezidiwa na nani amepata upenyo.

Kinachoipa uzito wake, hata hivyo, ni tukio lisilo na upanga. Baada ya karamu msituni, Robin anampeleka Marian, mpenzi wake wa baadaye, akawaone watu waliopigwa, waliofukuzwa makwao na wenye njaa ambao yeye anawahifadhi. Marian anabadilika hapo, na mtazamaji pia. Baada ya kuwaona watu hao, unajua Robin anawapigania akina nani.

Ndefu lakini zina lao: 1991 na 2010

Prince of Thieves ya Kevin Costner inavutia kwa waigizaji wawili. Alan Rickman, aliyekuwa Sherifu, alipata tuzo ya BAFTA kwa uigizaji wake. Morgan Freeman ni Azeem, Mwislamu aliyetoroka gerezani Yerusalemu pamoja na Robin, na filamu inampa heshima: anasali, anakataa pombe, na ujuzi wake unaokoa maisha ya mke wa Little John, mfuasi wa Robin, na ya mtoto wao wakati wa kujifungua. Lakini filamu inaanza kwa mateso gerezani, na karibu na mwisho Sherifu anajaribu kumbaka Marian. Usiiwashe mbele ya watoto wadogo.

Ile ya 2010, yenye Russell Crowe na Cate Blanchett, inaishia mahali ambapo hadithi uliyoizoea inaanzia: Robin anatangazwa mhalifu na kukimbilia msituni. Wengi waliotaka Robin wa Sherwood waliondoka na kiu. Sifa yake ni kwamba Robin wake ni mtoto wa fundi mwashi, si bwana mkubwa, na hivyo anamkaribia yule mtu wa kawaida wa tungo za kale za Kiingereza. Tukio lake bora ni dogo: Robin na wenzake wanaiteka mbegu iliyochukuliwa kijijini, kisha wanaipanda shambani usiku huohuo. Vita vikubwa vya ufukweni mwishoni havina nguvu ya usiku ule.

Ya kuruka: 2018

Taron Egerton na Jamie Foxx wamejituma, lakini filamu imewaangusha. Karibu na mwanzo kuna vita vya msalaba vilivyopigwa picha kama vita vya siku hizi, hadi mtambo wa kurusha mishale mfululizo kama bunduki. Picha zinakatwa haraka hivi kwamba ni vigumu kujua nani amempiga nani. Maskini wamo, ila wamekuwa umati wa kukimbia nyuma ya stelingi. Hatumjui hata mmoja wao vya kutosha kumwonea uchungu. Iligharimu takriban dola milioni 100 na mapato yake ya kumbi za sinema hayakufika hapo.

Uchague ipi?

Mwenye watoto wadogo achukue katuni ya 1973: ni fupi, inakula bando dogo, na Robin wake ni mbweha anayependeka. Asiye na pesa ya kukodi aanze na ya 1922. Mwenye jioni ndefu na watu wazima wenzake achague ya 1991. Mwenye pesa ya filamu moja tu alipie ya 1938.

Ukikutana na filamu mpya ya hadithi unayoijua, iwe ya Robin Hood, Sindbad au Tarzan, tazama dakika kumi za mwanzo kisha ujiulize kama umeshamjua mtu mmoja anayepiganiwa. Kama bado, zima, ubakize bando lako.