Kabla ya kununua jezi, ziba ufa wa boti

Shabiki wa Dar akisikia timu imechelewa mechi ya ugenini, anawaza basi limepata pancha. Kwenye delta ya Rufiji, wilayani Kibiti, mambo ni mengine. Kata kama Salale, Msala, Maparoni na Kiongoroni zimekatwakatwa na mito, matope na mikoko. Huko basi la timu ni mtumbwi au boti. Chombo kikivuja kabla ya safari, mnapoteza pointi za mezani. Kikivujia katikati ya mto na kikosi kizima kimo ndani, hapo si suala la pointi tena.

Adui mwenyewe ni ufa mdogo. Maji yakipwa, chombo kinakaa juu ya matope, kinagonga visiki na mizizi ya mikoko. Ufa unaanza kama unywele. Wiki ya kwanza mnafua maji kidogo kwa dumu lililokatwa, mnasema, "Aah, tutafika tu." Ni sawa na beki mwenye goti bovu: leo anamaliza dakika 90, mechi ya tatu anatoka kwa machela.

Kwa chombo cha mbao, mafundi wa pwani wana dawa ya tangu enzi: kalafati. Fundi anasubiri maji yapwe, anakwangua uchafu, anatoa pamba iliyooza. Kisha anasokota pamba mpya iliyotiwa mafuta na kuigongelea kwenye mwanya kwa patasi butu. Nje anapaka sifa, yaani mafuta ya papa. Chombo kikirudi majini, mbao zinavimba na mwanya unabana. Ila asigonge kwa hasira, maana pamba ikizidi inatanua mbao.

Boti ya faiba haitaki pamba. Yenyewe inatibiwa kama ubao wa wale jamaa wanaoteleza juu ya mawimbi: ukiona ufa, toka majini kwanza, kwa sababu maji yakishapenya ndani, kazi inakuwa kubwa. Osha chumvi kwa maji baridi, acha pakauke kabisa. Piga msasa hadi nje kidogo ya kingo za ufa, na uvae barakoa, vumbi lile ni baya. Changanya resini na dawa yake ya kukazia kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kopo, bandika kitambaa cha faiba, toa mapovu kwa brashi. Fanyia kivulini, jua kali linagandisha resini kabla hujamaliza. Ukibandika kwenye unyevu umejidanganya, kiraka kitabanduka safarini.

Ndiyo maana ukaguzi wa asubuhi ya mechi hausaidii kitu. Ufa ukionekana saa hiyo, hakuna muda wa kukausha. Kagueni siku tatu kabla, na viongozi watenge fungu la pamba, resini na maboya ya kuvaa, kama wanavyotenga la mipira na la refa.

Kiswahili kinamwita nahodha yule anayevaa kitambaa mkononi, na yule anayeshika usukani pia. Timu ya delta inawahitaji wote wawili, na wa usukani ndiye anayeanza kazi mapema. Usipoziba ufa utajenga ukuta, wahenga walisema. Mtoni hata nafasi ya kujenga huo ukuta hupati.