Nani Aliyeweza Kumzuia Gavana?

Tarehe 28 Januari 1802 umati wa watu ulifurika nje ya gereza la Newgate, London, kushuhudia gavana akinyongwa. Aliitwa Joseph Wall. Miaka 20 nyuma, akitawala kisiwa cha Gorée katika pwani ya Senegal, aliamuru Sajini Benjamin Armstrong achapwe viboko 800 bila kufikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi. Armstrong akafa kwa majeraha hayo. Wall baadaye alitorokea bara Ulaya, akaishi huko muda mrefu, mwishowe akarejea na kujisalimisha, pengine akidhani mashahidi wamekwisha kufa. Hawakuwa wamekufa wote.

Kisa hiki ni cha nadra, na sitaki msomaji aamini kuwa magavana walinyongwa mara kwa mara. Nakitaja kwa kuwa kinafunua jambo la kisheria lililofunikwa na sare nyeupe, kofia ya manyoya na mizinga 17 ya heshima. Mfalme wa Uingereza hakuweza kushtakiwa katika mahakama zake mwenyewe. Gavana wake aliweza. Mwaka 1879 jambo hilo liliamuliwa waziwazi. Sir Anthony Musgrave, gavana wa Jamaica, alishtakiwa na mtu aliyedai chombo chake kimezuiliwa bandarini isivyo halali. Gavana akajitetea kwamba alichokifanya alikifanya kama gavana, kwa hiyo mahakama haina la kuuliza. Kamati ya Mahakama ya Baraza la Malkia, iliyokuwa mahakama ya mwisho ya makoloni yote, ikamkatalia. Ilisema gavana hana enzi ya kifalme, ana yale madaraka tu aliyokabidhiwa kwa hati, na kama kitendo fulani kimo ndani ya hati hizo au la ni swali la mahakama kujibu.

Basi ukitaka kuipima nguvu ya gavana, tafuta kwanza nani aliyekuwa na uwezo wa kumzuia, na mtu huyo aliketi wapi.

Nichukue Tanganyika, maana hati zake zinasomeka kwa urahisi na athari zake bado tunaishi nazo. Tanganyika haikuwa koloni kwa maana kamili. Uingereza iliinyang'anya kutoka kwa Wajerumani vitani, kisha ikaitawala chini ya Ushirika wa Mataifa. Mfalme hakuwa mwenye nchi. Alitumia mamlaka aliyopewa na Bunge la Uingereza mwaka 1890, kupitia sheria iliyohusu maeneo ya kigeni yaliyo chini ya utawala wake. Kwa mamlaka hayo, tarehe 22 Julai 1920, ilitolewa Amri ya Mfalme katika Baraza iliyounda cheo cha Gavana na Amiri Jeshi wa Tanganyika. Wanasheria wetu wanaikumbuka tarehe hiyo kwa sababu nyingine: ndiyo siku ambayo sheria za jumla za Uingereza, kama zilivyokuwa siku hiyo, ziliingizwa nchini.

Amri hiyo ilikuwa ndiyo katiba ya nchi, ingawa hakuna Mtanganyika aliyeulizwa neno lolote juu yake. Pamoja nayo gavana alipewa hati ya uteuzi na kijitabu kingine kisichojulikana sana kwa wananchi, Maagizo ya Kifalme, kilichomweleza namna ya kutumia madaraka aliyopewa. Tofauti ya hati hizi ni muhimu. Amri ilisema unaweza nini. Maagizo yalisema ufanye vipi, umuulize nani, na lipi usiliguse mpaka London iseme ndiyo.

Gavana wa kwanza, Sir Horace Byatt, alikuwa na kalamu ya kutisha. Kuanzia 1920 hadi 1926 hapakuwa na baraza la kutunga sheria Tanganyika. Sheria ilitungwa na gavana mwenyewe, kwa ajili ya amani, utulivu na utawala mwema wa nchi, na mahakama za Kiingereza ziliyasoma maneno hayo kwa upana kiasi kwamba ilikuwa vigumu kutaja jambo lisilomo. Yeye ndiye aliyeteua maofisa, nao walidumu kazini kwa ridhaa ya Mfalme tu. Yeye ndiye aliyesamehe wafungwa. Yeye ndiye aliyegawa ardhi: sheria ya ardhi ya 1923 ilitangaza ardhi yote ya Tanganyika kuwa ya umma na kuiweka chini ya udhibiti wa gavana, aishike kwa manufaa ya wenyeji. Kwa sheria ya 1921 aliweza pia kumhamisha mtu kutoka wilaya yake na kumpeleka nyingine, bila kesi ya jinai, akiona uwepo wake unahatarisha utulivu.

Kando yake lilikaa Baraza la Utendaji, yaani maofisa wake wakubwa. Alitakiwa kuwauliza. Hakulazimika kuwasikiliza. Ila alipokwenda kinyume nao, Maagizo yalimtaka amweleze Waziri wa Makoloni sababu zake. Hata katika hukumu ya kifo utaratibu ulikuwa huo: taarifa ya jaji iliwekwa mezani, wajumbe wakatoa maoni, kisha gavana akaamua kwa dhamiri yake peke yake, wakubali wasikubali, na alipopingana nao sababu zikaandikwa katika kumbukumbu za kikao.

Mwaka 1926 Sir Donald Cameron, gavana wa pili, alifungua Baraza la Kutunga Sheria, LEGCO kama wazee walivyozoea kuliita. Lilikutana kwa mara ya kwanza Desemba mwaka huo. Wajumbe 13 walikuwa maofisa wa serikali. Wasiokuwa maofisa walikuwa saba, Wazungu watano na Waasia wawili, wote wa kuteuliwa. Mwafrika hakuwepo hata mmoja, kwa hoja kwamba serikali yenyewe inamsemea. Hoja hiyo ilidumu hadi 1945 walipoingia machifu wawili, Kidaha Makwaia na Abdiel Shangali. Gavana ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa vikao mpaka 1953, na maofisa walitakiwa kupiga kura upande wa serikali hata kama moyoni walipinga. Mtu akikuambia kwamba baraza lile lilimdhibiti gavana, muulize kura zingetoka wapi.

Baadaye, maofisa walipopoteza wingi wa kura katika mabaraza ya makoloni mengi, London haikumwacha gavana mikono mitupu. Katiba mpya zilimwekea akiba: baraza likikataa muswada anaouona ni wa lazima kwa utulivu wa nchi, aliweza kutangaza kwamba umepita kana kwamba wajumbe wameukubali.

Sasa tuitazame London, maana huko ndiko breki zilikokuwa. Kila sheria aliyoitia sahihi gavana ilipelekwa Uingereza, na Mfalme, yaani Waziri wa Makoloni, aliweza kuitangua. Miswada mingine gavana hakuruhusiwa kuitia sahihi kabisa bila idhini ya awali: ya talaka, ya sarafu, ya kujipatia yeye mwenyewe ardhi au fedha, inayokwenda kinyume na mikataba ya kimataifa. Katika orodha iliyozoeleka kwenye Maagizo ya makoloni mengi kulikuwa na kifungu kinachomstaajabisha msomaji wa leo: gavana asikubali, bila idhini, sheria inayowawekea watu wasio wa asili ya Ulaya vikwazo ambavyo Mzungu hawekewi. Ungedhani kifungu hicho kingeuzuia ubaguzi. Lakini kilichohitajika kilikuwa idhini, na idhini ilipatikana. Kenya ilikuwa na sheria ya kipande, iliyomlazimu mwanamume Mwafrika kutembea na hati yake ndani ya kasha la chuma shingoni, na Mzungu hakuvaa kitu kama hicho.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaosema magavana walitawala bila mipaka. Mipaka ilikuwepo, tena mingi, na maofisa wa Wizara ya Makoloni waliifuatilia kwa barua na simu za upepo zisizokwisha. Mtu aliyeshika breki hizo ndiye aliyekuwa mbali. Mmeru aliyefukuzwa Engare Nanyuki mwaka 1951 ili kuwapisha walowezi hakuwa na njia ya kuzivuta. Wameru walipomwona Gavana Edward Twining hageuki, walimtuma Kirilo Japhet hadi New York mwaka 1952 kuzungumza mbele ya Umoja wa Mataifa, mrithi wa Ushirika wa Mataifa. Dunia ilimsikiliza, ardhi haikurudi wakati ule.

Na mahakama, zile zilizomkatalia Musgrave? Katika Afrika Mashariki zilikuwa na mlango wa kutokea. Mwaka 1913 Wamasai wa Kenya walishtaki, wakisema mkataba wa 1911 uliowaondoa Laikipia haukuwafunga. Mahakama zikajibu kwamba nchi ile ni himaya, si koloni, kwa hiyo makubaliano kati ya serikali na Wamasai ni mkataba wa mataifa mawili, na jaji hawezi kuuhoji. Watu wasioruhusiwa kujitawala wakaambiwa, siku ya kesi tu, kwamba wao ni taifa la kigeni! Sijui kama kuna hoja ya kisheria iliyowahi kumfaa gavana kuliko hiyo. Harry Thuku, mwanasiasa wa Kenya, naye hakupata hata nafasi ya kesi. Machi 1922 alikamatwa Nairobi, waandamanaji waliodai aachiwe wakapigwa risasi, naye akapelekwa Kismayu kwa amri ya serikali, akakaa uhamishoni kwa karibu miaka tisa.

Mahakama zilipothubutu, matokeo yalikuwa ya ajabu. Tarehe 30 Novemba 1953 Sir Andrew Cohen, gavana wa Uganda, aliondoa utambuzi wa serikali kwa Kabaka Mutesa II, mfalme wa Buganda, na kumpakia ndege kwenda Uingereza, akitegemea kifungu cha 6 cha Mkataba wa Buganda wa 1900. Mwaka uliofuata Mahakama Kuu ya Uganda ilisema kifungu hicho hakikuwa msingi sahihi wa hatua ile. Hukumu hiyo haikumrudisha Kabaka, lakini ilimvunjia gavana hoja mbele ya watu, na Oktoba 1955 Mutesa alikuwa amesharejea Kampala.

Wakati wa hali ya hatari hata breki za London zililegezwa. Kulikuwa na amri ya kifalme ya 1939 iliyoandaliwa kwa ajili ya nyakati kama hizo, ikimruhusu gavana kutunga kanuni zenye nguvu kuliko sheria za kawaida. Sir Evelyn Baring alikuwa Kenya kwa majuma machache tu alipotia sahihi tangazo la Oktoba 1952. Kwa kanuni zake, watu waliwekwa kizuizini kwa maelfu bila kesi, na makosa ambayo awali hayakuwa ya kifo, mathalani kukutwa na risasi, yakawa ya kunyongwa. Waliopelekwa kwenye kitanzi walizidi 1,000. Jalada la kila mmoja aliyehukumiwa kifo liliishia kwa gavana, aliyekuwa na uwezo wa kusamehe. La Dedan Kimathi, kiongozi wa wapiganaji wa msituni, lilikuwa mojawapo. Alinyongwa tarehe 18 Februari 1957.

London iliweza pia kumwondoa gavana wakati wowote. Sir Patrick Renison, aliyewahi kumtangaza Jomo Kenyatta kuwa kiongozi wa kuwapeleka watu gizani na kwenye mauti, aliondolewa mwaka 1962, pale Uingereza ilipokwisha kuona kwamba Kenyatta ndiye itakayekabidhiana naye nchi.

Hayo yote yangebaki kuwa historia kama uhuru ungekuja na karatasi mpya kabisa. Katika Tanganyika, kuanzia tarehe 9 Desemba 1961, Sir Richard Turnbull alibadilishwa kutoka gavana kuwa gavana mkuu, na akatakiwa kufuata ushauri wa mawaziri. Mpangilio huo ulidumu mwaka mmoja. Jamhuri ilipozaliwa tarehe 9 Desemba 1962, neno "Gavana" katika sheria nyingi lilibadilishwa likawa "Rais" na sheria zikaendelea. Ardhi ni mfano ulio wazi: ile iliyoshikwa na gavana mwaka 1923 iko mikononi mwa Rais kama mdhamini, na Sheria ya Ardhi ya 1999 imethibitisha hivyo.

Watetezi wa mabadiliko yale wanasema, kwa haki, kwamba Rais alichaguliwa na wananchi na Byatt hakuchaguliwa na yeyote. Ni tofauti kubwa. Lakini wakati cheo kilikuwa kinabadilika jina, Waziri wa Makoloni aliondoka na breki zake zote, za kutangua sheria, za kuagiza, za kufukuza. Katiba ya 1962 ilisema kwamba, isipokuwa sheria iwe imeelekeza vingine, Rais atatenda kwa hiari yake na hatalazimika kufuata ushauri wa mtu yeyote. Ibara ya 37 ya Katiba ya 1977 ina masharti ya namna hiyo hiyo. Byatt naye hakulazimika kufuata ushauri. Ila alipoukataa ushauri wa baraza lake, alitakiwa kumwandikia mkubwa wake aeleze kwa nini, na sharti hilo la kueleza kwa nini halikuingizwa katika Katiba ya 1962.