Skana ya nyaraka zako: jinsi ya kuichagua na kuiunganisha kwenye kompyuta ya Linux

Watu wengi wanaofika ofisini kwetu hapa Juba hubeba nyaraka zao kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa mara mbili: cheti cha kuzaliwa, cheti cha shule, kadi ya chanjo ya mtoto, karatasi ya usajili wa ukimbizi. Wengine hawana mfuko wala karatasi. Waliokimbia mapigano ya Desemba 2013 na ya Julai 2016 katika mji huu, na wanaokimbia vita vya Sudan tangu Aprili 2023, wengi waliondoka na nguo walizovaa tu. Hata aliyefika na karatasi zake, bado kuna mvua na mchwa.

Siyo wakimbizi peke yao. Kwa miaka kadhaa nyaraka za taifa la Sudan Kusini zilikuwa zimewekwa ndani ya hema hapa Juba, zikiloa na kuliwa na wadudu, kabla ya kuhamishiwa kwenye jengo na kuanza kupangwa na kuskaniwa na serikali pamoja na taasisi ya Rift Valley Institute. Kilichotokea kwa karatasi za serikali kinaweza kutokea kwa cheti chako.

Makala haya ni kwa yeyote anayesimamia kituo cha vijana, ofisi ya kanisa, shule au kibanda cha fotokopi, iwe mjini au katika makazi kama Gorom nje ya Juba, na ana kompyuta inayotumia Linux. Kompyuta hizo zinaongezeka. Laptopu nyingi za msaada ni za zamani, na Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, hivyo mafundi wengi huziwekea Ubuntu au Linux Mint, ambazo hazilipiwi. Tatizo huja siku ya kununua skana: ndani ya boksi kuna CD ya Windows, na muuzaji anakuapia kwamba "inafanya kazi na kompyuta zote".

Je, simu haitoshi?

Kwa kutuma karatasi haraka, simu inatosha. Lakini picha ya simu huwa na kivuli cha mkono, pembe zimepinda, na mhuri uliofifia hausomeki. Skana bapa, ile yenye kioo na kifuniko, hulaza karatasi na kuimulika sawasawa. Jiepushe na zile zinazovuta karatasi zenyewe kupitia mdomo mwembamba. Zinafaa kwa barua mpya za ofisini, ila cheti kilichokunjwa mara nne na kuchakaa kwenye mikunjo kinaweza kutoka humo kikiwa vipande viwili.

Kabla ya kutoa pesa

Anza na umeme. Kama kituo chako kinategemea sola au jenereta, tafuta skana inayopata umeme wake kupitia waya wa USB, isiyohitaji adapta ya ukutani. Familia ya Canon CanoScan LiDE iko hivyo: LiDE 120 na 220 ambazo sasa hupatikana kama mtumba, na LiDE 300 na 400 ambazo ni mpya zaidi. Laptopu ikiwa na chaji, skana inafanya kazi hata taa za mtaa mzima zikizimika. Zote nne zinatambuliwa na Linux bila CD yoyote, ilimradi uwe na toleo la miaka ya karibuni, kwa mfano Ubuntu 22.04 au Linux Mint 21 na kuendelea.

Skana nyembamba za aina hii zina udhaifu mmoja. Huona vizuri kile tu kinachogusa kioo. Ukiweka daftari nene au pasipoti isiyolala vizuri, sehemu iliyoinuka hutoka na ukungu. Skana nzito za zamani zenye vioo na lenzi ndani huvumilia zaidi, lakini hula umeme zaidi na ni mzigo kubeba kwenye bodaboda. Kwa vyeti na kadi, mimi ningechukua ile nyembamba.

Usidanganywe na tarakimu kubwa kwenye boksi, 4800 au 9600. Karatasi ya kawaida huhitaji nukta 300 kwa inchi, na picha ndogo ya pasipoti 600. Karibu kila skana bapa inafika hapo.

Swali kubwa ni kama skana hiyo inaelewana na Linux. Programu inayounganisha viwili hivyo inaitwa SANE, na tovuti yake, sane-project.org, ina orodha ya skana kwa jina la kampuni na namba ya modeli, pamoja na maelezo kama kila moja inafanya kazi kikamilifu, kwa kiasi, au haifanyi kabisa. Andika namba ya modeli herufi kwa herufi. Skana mbili zenye majina yanayokaribiana zinaweza kuwa na vifaa tofauti ndani. Nyingine, kama Epson Perfection V39, zinahitaji programu ya kampuni yenyewe, Epson Scan 2, ambayo lazima uipakue. Kwa mtu anayenunua bando za intaneti kwa siku, hiyo ni gharama ya kuhesabu mapema. Mashine mpya zinazochapa na kuskani kwa pamoja nyingi hutumia njia ya AirScan, ambayo Linux za sasa huielewa bila draiva.

Bora kuliko orodha yoyote ni kwenda dukani na laptopu yako, kuchomeka, na kuskani karatasi moja mbele ya muuzaji. Huna laptopu ya kubeba? Weka Ubuntu kwenye flashi na uombe kuiwasha kwenye kompyuta ya duka bila kuisakinisha. Muuzaji akikataa kabisa, nenda duka la pili. Kwa skana ya mtumba angalia pia kioo kama kina mikwaruzo, na uhakikishe waya wake upo. LiDE 400 hutumia tundu la USB-C, wakati 120 na 220 hutumia lile la zamani.

Kuiunganisha

Kagua kwanza kama kuna kufuli ndogo chini au nyuma ya skana. Modeli nyingine hufungwa hivyo zikisafirishwa, na ukiiwasha bila kuifungua utasikia inakwaruza tu. Kisha chomeka waya moja kwa moja kwenye laptopu, usipitishe kwenye kigawanyi cha USB, maana umeme unaweza usitoshe.

Fungua programu ya Document Scanner, ambayo zamani iliitwa Simple Scan. Kwa kawaida huja na Ubuntu na Mint. Kama haipo, fungua terminali ukiwa na intaneti na uandike:

sudo apt install simple-scan sane-utils

Programu ikisema haioni skana, usikimbilie kuirudisha dukani. Andika amri mbili hizi, moja baada ya nyingine:

lsusb
scanimage -L

Kama jina la skana halionekani hata kwenye ya kwanza, tatizo ni waya, tundu au umeme. Likionekana kwenye ya kwanza lakini si kwenye ya pili, kompyuta inaona kifaa ila haina draiva yake, kwa hiyo rudi kwenye orodha ya SANE. Usishangae ya pili ikitaja kifaa kinachoanza na "v4l": hiyo ni kamera ya laptopu, siyo skana. Na kama amri ya pili inafanikiwa pale tu unapoitanguliza neno sudo, kinachokosekana ni ruhusa. Andika:

sudo usermod -aG scanner $USER

kisha toka kwenye akaunti yako na uingie tena.

Mpangilio wa kuskani

Document Scanner ina chaguo la maandishi na chaguo la picha. Kwa vyeti chagua picha, kwa sababu chaguo la maandishi huondoa rangi, na mhuri wa bluu au zambarau ni sehemu ya ushahidi. Weka 300. Ukurasa wa A4 wenye rangi kwa kiwango hicho una pikseli 2480 kwa 3508, karibu megabaiti 26 kabla ya kubanwa. Ukihifadhi kama PDF kwa kawaida hushuka hadi megabaiti chache. Ukipandisha hadi 600 uzito huzidi mara nne, na kuutuma kwa mtandao wa hapa ni kazi ya asubuhi nzima.

Karatasi ikiwa nyembamba hadi maandishi ya nyuma yanaonekana, weka karatasi nyeusi juu yake kabla ya kufunga kifuniko. Skani pande zote mbili hata kama wa nyuma una saini tu. Futa kioo kwa kitambaa laini kikavu, hasa miezi ya vumbi.

Nani ataona faili hilo?

Hapa ndipo naomba uwe mkali. Karatasi ya ukimbizi ina jina, nchi uliyotoka, majina ya watoto, pengine sababu ya kukimbia. Ikibaki kwenye kompyuta ya kituo, kila anayefuata kuketi hapo anaweza kuisoma. Mpe mwenye nyaraka nakala kwenye flashi yake, ikiwa imefungwa kwa nywila. Sakinisha p7zip-full, kisha uandike:

7z a -p -mhe=on nyaraka.7z nyaraka/

Mwenye nyaraka ndiye achape nywila, wewe ukiangalia pembeni. Mwambie pia kwamba skani ni nakala ya akiba tu. Ofisi inaweza bado kudai karatasi halisi, kwa hiyo airudishe kwenye mfuko wake wa plastiki.

Akishathibitisha kwamba flashi yake inafunguka, futa folda kwenye kompyuta, mwage pipa la taka, na uangalie tena ndani ya Documents na Pictures, maana ndimo mafaili ya skana husahaulika mara nyingi.